Chakula cha Maji ya Kijani: Maisha ya Anis Wasef Labib

Abuna Sawiros, mashemasi, wazee wa kanisa, Haji Metwali na majirani zetu wote mlioacha shughuli zenu za Ijumaa mkaja kukaa nasi, familia inawasalimu, na kabla ya yote inaomba radhi kwa jambo moja. Hapa kwetu hatuna desturi ya kumsomea marehemu karatasi ndefu, Abuna husema maneno yake, watu hunywa kahawa chungu wakaondoka, lakini marehemu mwenyewe ndiye aliyetaka hivi, kwa sababu mwezi Oktoba mwaka 2006 alihudhuria mazishi ya mfanyakazi mwenzake wa zamani, akasikia mwaka wa kuzaliwa umekosewa kwa miaka minne na jina la mke limetajwa la mke wa jirani, akarudi nyumbani, akaketi mezani bila kuvua koti, akaanza kuiandika historia yake kwa mkono wake. Alimwambia mkewe, "Nikiwaachia nyinyi mtanizika na maisha ya mtu mwingine."

Anayesoma mbele yenu ni Mwalimu Fikri Nagib, kaka wa mjane, na anasoma karatasi mbili. Ya kwanza ni ile ya mwaka 2006, kurasa saba, mwandiko mdogo uliobanwa ili asipatikane mtu wa kuchomeka neno katikati, na katika kurasa zote saba jina la Zarif, mdogo wake marehemu, halimo hata mara moja, kwa hiyo penye pengo hilo familia imejaza. Ya pili ina mistari mitano tu, imeandikwa Jumanne ya wiki hii, na hiyo inamhusu Zarif peke yake. Zarif yupo, amekaa nyuma kabisa, hajui kilichoandikwa, na wengi wenu mmekuwa mkigeuka kumtazama tangu aingie, mkijiuliza amefuata nini kwenye msiba wa mtu aliyemwita mwizi. Mtajua, ila kwa mpangilio wake, maana marehemu hakupenda mtu aruke kurasa.

Marehemu Anis Wasef Labib alizaliwa siku ya Jumatatu, tarehe 12 Februari 1951, hapahapa Izbat Bishara, wilaya ya Desuk, mkoa wa Kafr el-Sheikh, katika nyumba ya udongo iliyokuwa mahali palipo sasa duka la mbolea, baba yake akiwa Wasef Labib, fundi wa magurudumu ya kupandishia maji mashambani, na mama yake Galila Mikhail. Karatasi yake ya kwanza inasema alikuwa mtoto wa pili kati ya watoto wawili. Hilo familia inalisahihisha mbele yenu, walikuwa watatu, Samira, aliyefariki mwaka 1994, Anis mwenyewe, na Zarif, aliyezaliwa tarehe 3 Septemba 1955, ambaye Anis alikuwa akimbeba mgongoni kwenda shuleni kila mfereji ulipofurika ukakata njia. Mama yao alikuwa akisimulia kwamba Anis akiwa na miaka sita aliutia mkate wake alama ya jino kabla ya kutoka kwenda kuchota maji, akirudi anaulinganisha na kumbukumbu yake, na mkate haukuwahi kupungua hata siku moja, naye hakuwahi kuacha kuutia alama.

Alianza shule ya msingi ya kijiji Oktoba 1957, akamaliza mwaka 1963, akaendelea na shule ya kati, kisha sekondari ya kilimo mjini Desuk kuanzia 1966 hadi 1969, ambako walimu walimsifu kwa hesabu na kumlalamikia kwa kufunika daftari kwa kiganja, hata siku ya kusahihishiwa. Alipata stashahada ya ufugaji wa samaki huko Iskandaria mwezi Julai 1971, na mwaka huohuo akaitwa jeshini, akatumikia miaka mitatu na miezi minne, sehemu kubwa akilinda matangi ya maji ya kunywa karibu na Suez, kazi ambayo inamtaka mtu amshuku kila anayekaribia, hata aliyekuja na kikombe. Marafiki zake walisema jeshi ndilo lililomharibu. Mama yake alisema jeshi lilimkuta hivyohivyo.

Tarehe 1 Machi 1975 aliajiriwa katika kituo kimoja cha serikali cha kutotolesha vifaranga vya samaki, kituo ambacho familia haikitaji jina, na huko ndiko alikokutana na maji ya kijani. Kwa faida ya ndugu waliotoka mjini, maji ya kijani ni maji baridi yaliyojaa mwani mdogo sana, mdogo kiasi kwamba jicho halioni mmea bali rangi tu, na perege aliyetoka kwenye yai jana, akiwekwa humo, anapata chakula, anapata kivuli, anakua, lakini wenzake wakiwekwa kwenye maji meupe, nusu yao wanaelea tumbo juu kabla wiki haijaisha. Mwani huo nao unataka kulishwa, na swali la maisha yote ya marehemu lilikuwa hilo moja, ulishwe nini.

Mwaka 1985 alipanga ndoo nyeupe kumi na mbili juu ya paa la kituo, zote zina maji ya mfereji yaliyochemshwa yakapoa, zote zimetiwa kikombe kimoja cha mbegu ya mwani kutoka chupa moja, zote zinapigwa na jua lilelile, ila kila ndoo na chakula chake, huku urea, huku kinyesi cha kuku, huku kinyesi cha njiwa, huku molasi ya miwa, majivu ya mabua ya pamba, maji yaliyooshea dengu, samadi ya nyati, maji machafu ya matangi ya samaki, na mengine. Kila asubuhi alizamisha kisahani cheupe cha chai kilichofungwa kwenye kijiti, akahesabu ni vidole vingapi kabla kisahani hakijapotea machoni, akaandika. Kinyesi cha kuku kilileta ukijani wa haraka pamoja na vidudu vilivyoumaliza mwani wote kwa siku mbili, kinyesi cha njiwa kilipendeza mpaka siku ya tisa, kisha maji yakawa rangi ya chai na yakanuka, molasi ilileta povu, urea peke yake ilianza vizuri ikachoka njiani. Ndoo moja tu ilibaki kijani siku arobaini, na ni ipi, tutafika.

Aprili 1986 mkuu wake wa kazi aliliazima daftari kwa siku mbili, akisema, "Nataka kusoma tu, Anis, nione kijana wangu anafanya nini huko juu," na Juni mwaka huohuo kazi ya ndoo kumi na mbili ilisomwa kwenye mkutano mkubwa Kairo, na jina la Anis halikuwemo hata kwenye shukrani. Marehemu alikuwa amekaa safu ya mwisho ukumbini humo, na watu walipopiga makofi naye alipiga. Mkuu huyo hatujamwona leo, na kama amekuja, kahawa iko pale, anywe. Ila tangu siku hiyo Anis Wasef hakumwambia tena mtu yeyote neno la kweli kuhusu maji yake, na familia inaliweka wazi hili ili msije mkasema alizaliwa na roho mbaya.

Kuhusu ndoa, marehemu alifunga pingu za maisha na Tahani Nagib siku ya Jumapili, tarehe 13 Mei 1979, katika kanisa hili, na Mungu akawajalia mabinti wawili, Ireni, aliyezaliwa tarehe 4 Februari 1981, ambaye ni mfamasia mjini Tanta, na Nivin, aliyezaliwa tarehe 19 Novemba 1984, mwalimu wa watoto wadogo hapa kijijini. Alikuwa baba mwenye huruma, aliyewasuka mabinti zake nywele kwa mikono yake mama yao alipougua, lakini wakwe aliwafanyia vituko. Kila kijana aliyekuja kuposa alialikwa chakula mara tatu, na mara zote tatu marehemu alisahau kwa makusudi chupa ya mbegu mezani, akatoka, akasimama ukumbini akimchungulia mgeni kupitia kioo cha kabati. Mume wa Ireni, ambaye hakujua chupa ile ni nini, alidhani ni sharubati ya mnanaa akataka kujimiminia, na posa yake ikakaa miezi mitano bila jibu.

Mwaka 1988 aliacha kazi ya serikali, akafungua mabwawa yake mwenyewe ukingoni mwa mfereji, na aliyechimba naye ni Zarif. Zarif ndiye aliyejenga matangi ya saruji, Zarif ndiye aliyefunga pampu na mabomba, Zarif ndiye aliyelala chini ya turubai kulinda vifaranga vya kwanza visiliwe na ndege wa asubuhi, na kwa miaka kumi ndugu hawa wawili walikula sahani moja. Vifaranga vyao vilijulikana kuanzia Desuk mpaka Baltim, na wafugaji walikuja na mapipa yao kusubiri zamu. Kitu kimoja tu Zarif hakukijua. Kila alfajiri kaka yake alipanda juu ya paa peke yake, akafunga mlango kwa komeo, akayalisha maji, akashuka ameshaosha mikono.

Watu waliuliza, ni kawaida watu kuuliza, na hapo ndipo marehemu alipobuni mtego wake. Alinunua daftari lenye jalada jeusi, na kila aliyemuuliza maji anayalisha nini alimvuta pembeni, akamwapisha, akampa jibu, kila mtu jibu lake, hakuna mawili yanayofanana, na yote ya uongo. Akaandika jina, tarehe na uongo aliompa, kisha akaacha nafasi tupu ya kuandika mahali uongo huo utakaposikika, maana siku ambayo bwawa la mtu lingelishwa chakula fulani, yeye angejua mara moja ni mdomo wa nani uliovuja. Majina ishirini na tatu yamo humo. Abuna Sawiros, wewe uliambiwa majivu ya mizabibu, tarehe 8 Januari 1991. Mwalimu Fikri aliambiwa vijiko viwili vya molasi kila Jumamosi, akakaa na vijiko hivyo viwili kifuani miaka ishirini na sita, hakumwambia hata mkewe, na amejua wiki hii tu kwamba alikuwa akitunza hewa.

Mkewe Tahani aliambiwa maji yaliyooshea dengu, na huyu peke yake hakudanganyika hata dakika moja. Jana alipoonyeshwa daftari alicheka kwa mara ya kwanza tangu msiba uingie, akasema, "Dengu ni zangu, naosha mimi, napika mimi, maji yake namwagia mnanaa. Angeyapata wapi mimi nisione? Nilimwacha aamini kwamba nimeamini." Alipoulizwa kwa nini hakumkabili mumewe kwa miaka yote hiyo, alisema mtu aliyeumwa na nyoka hapigiwi kelele akiruka kamba, anaachwa aruke.

Zarif aliambiwa kinyesi cha njiwa, kilowekwe siku tatu, kichujwe kwa shashi mara mbili, kisha kikombe kimoja kwa tangi, na tarehe iliyoandikwa ni 2 Machi 1998. Huyu hakuwa mtu wa kudanganywa kwa maneno matupu, alikuwa anaishi palepale, kwa hiyo marehemu aliona lazima uongo upambwe. Alikwenda kwenye mnara wa njiwa wa Haji Metwali, akanunua magunia kumi na moja ya kinyesi, akayapakia kwenye mkokoteni wa punda, akayapitisha darajani mchana kweupe, watu wakiziba pua, akayapanga nyuma ya nyumba ili Zarif ayaone. Akaona ameweza. Mtu aliyekuwa akifunika daftari kwa kiganja alivusha siri yake ya uongo mbele ya kijiji kizima, na akili yote ile aliyojaliwa haikumwonyesha kosa hilo kwa miaka ishirini na moja.

Mwezi Aprili mwaka huohuo mabwawa ya wale wa ng'ambo ya mfereji, washindani wake, yalianza kuwa ya kijani, na upepo ukaleta harufu ambayo marehemu aliijua tangu enzi za ndoo. Akavuka, akachungulia juu ya ukuta, akaona magunia. Siku tisa baadaye maji yao yakawa rangi ya chai, vifaranga vyao vikafa, na badala ya kuwahurumia marehemu alifurahi, akalifungua daftari jeusi, akaijaza kwa mara ya kwanza ile nafasi tupu iliyo mbele ya jina la mdogo wake.

Ilikuwa Jumatatu, tarehe 20 Aprili 1998, sikukuu ya Sham el-Nesim ambapo watu hula nje, familia na marafiki wamekaa kwenye majani kando ya mabwawa, watu kumi na tisa kwa hesabu yake mwenyewe, na samaki wa kuchachishwa ndiyo kwanza amefunguliwa. Marehemu aliweka kitunguu chini, akasema, "Zarif, njiwa wamevuka mfereji." Zarif akadhani ni mazungumzo ya kawaida, akamwuliza, "Njiwa gani, kaka?" Akajibiwa, "Wale niliokukabidhi wewe peke yako. Walikupa nini hao wa ng'ambo, ukauza tumbo tulilotoka?" Zarif alitazama watu mmoja mmoja, akasema, "Kaka, sijamwambia mtu. Naapa kwa kaburi la Samira." Marehemu akasema, "Mwache marehemu alale. Mwizi ni wewe." Zarif alisimama, akajikung'uta majani, akamsaidia mama yao mzee kuweka sahani yake chini, akaondoka bila kuonja samaki. Mwalimu Fikri alikuwa mmoja wa wale kumi na tisa, alikuwa na mdomo, alikuwa na miguu, na hakufungua huo wala hakusimama kwa hiyo, na hilo halimo kwenye karatasi ya marehemu, linasomwa hapa kwa hiari yake.

Zarif alichimba bwawa lake mwenyewe upande wa pili wa kijiji mwaka 2000, dogo, na kila aliyepita aliona mpaka chini, maji meupe kama ya kunywa, samaki wembamba wanaolishwa pumba za mahindi na makombo ya mkate. Watu walimwambia marehemu, kama huyu mtu ni mwizi wa siri yako, mbona haitumii nyumbani kwake? Marehemu alijibu, "Anajifanya." Mama yao alifariki mwaka 2003, ndugu hawa wawili walibeba jeneza moja, mmoja mbele mmoja nyuma, hawakusalimiana. Harusi za mabinti zilipita, Zarif alileta zawadi akaziacha kwa mlinzi wa kanisa. Miaka ishirini na moja yote ilikwenda hivyo, na hakuna aliyekuwa na uthibitisho wa kumtetea, au tuseme kweli, hakuna aliyeutafuta.

Ugonjwa wa ini ulianza kumsumbua marehemu mwezi Agosti 2017, kama ulivyotusumbua wengi wetu tuliokulia ndani ya mfereji na kichocho chake, na tarehe 19 Februari 2019 alilazwa katika hospitali ya mkoa. Hakuwa mgonjwa rahisi. Alihesabu matone ya dripu, alitaka kila chupa ya dawa ifunguliwe mbele ya macho yake, na daktari aliyebadilishwa zamu bila taarifa aliulizwa kitambulisho. Wauguzi walimpenda pamoja na hayo, mmoja wao alizoea kuingia akisema, "Mzee, nimekuja kukuibia damu, nipe mkono," naye alimpa.

Jumamosi tarehe 2 Machi, siku mbili kabla ya mfungo mkuu, Haji Metwali alikuja kumwona, amebeba mchuzi wa njiwa kwenye kopo, na katika kumchangamsha mgonjwa akamkumbusha ya zamani. Alisema, "Unakumbuka, Anis, ile safari ya magunia kumi na moja? Uliniletea wateja bwana. Wiki haikuisha wale wa ng'ambo wakaja kuniuliza, yule Mkristo wako anafanyia nini kinyesi chote kile? Nikawaambia atafanyia nini mfuga samaki, si anakitia majini? Wakachukua magunia arobaini." Marehemu aliweka kijiko chini. Aliuliza, "Walikuuliza wewe?" Haji akasema, "Wangemuuliza nani, njiwa?" Mchuzi ulipoa bila kunywewa.

Siku ya tatu alimwita Mwalimu Fikri, akamwambia kwa sauti ya chini, baada ya kuhakikisha mlango umefungwa, "Nenda ng'ambo. Chunguza kama Metwali anasema kweli au ametumwa na Zarif." Ndivyo alivyokuwa, hata msamaha aliupeleleza kwanza. Mwalimu Fikri alikwenda Jumapili tarehe 10 Machi, akampata msimamizi wa zamani wa mabwawa yale, Mzee Sabri, amekaa juani na blanketi magotini, akamwuliza habari za mwaka 1998, na Mzee Sabri hakusita, alisema waliona magunia darajani, wakaenda mnarani, wakanunua. Mwalimu Fikri akamwuliza, mlikiloweka siku ngapi? Mzee akashangaa, "Kuloweka? Nani aliloweka? Tulikimwaga kikavu, kwa koleo, gunia zima zima. Ndiyo maana tuliua samaki."

Jibu hilo lilipelekwa hospitalini Jumanne asubuhi. Ndugu waombolezaji, mtu mwingine angetaka kiapo, lakini Anis Wasef alikuwa mtu wa ndoo kumi na mbili, alijua kupima, na alichouliza kilikuwa kifupi. "Hawakuloweka?" Hawakuloweka. "Wala kuchuja kwa shashi?" Wala kuchuja. Maana Zarif aliambiwa kuloweka siku tatu na kuchuja mara mbili, na kama siri ingetoka kinywani mwake, ingevuka mfereji na shashi yake. Kilichovuka kilikuwa magunia tu, yale aliyoyapitisha darajani yeye mwenyewe. Marehemu alifunika uso kwa shuka, na Tahani aliyekuwa amekaa pembeni alimwacha alie mpaka amalize. Kisha aliuliza swali ambalo hakuna aliyelitarajia, "Zarif siku hizi anakula vizuri?"

Tahani alitaka kumpigia simu shemeji yake saa hiyohiyo. Marehemu akamkataza, akasema, "Nilimtukana mbele ya watu. Nikimwomba radhi chumbani, peke yetu, nitakuwa namwibia mara ya pili. Jumapili mtanibeba mpaka kanisani, nitasimama." Aliomba kalamu, akaandika ile mistari mitano, akaweka chini yake nukta tatu anazoziweka siku zote ili kutambua karatasi ya kughushi. Jumapili hakuifikia. Alifariki dunia jana, Alhamisi tarehe 14 Machi 2019, saa kumi na moja na dakika kumi alfajiri, akiwa na umri wa miaka sitini na minane, mkewe na Nivin wakiwa wamemshika mikono.

Sasa kuna wale mliokuja na swali jingine mfukoni, familia inawajua, mmekuwa mkiulizia tangu jana nani atarithi siri ya maji ya kijani. Tulibishana jioni nzima kama isomwe au isisomwe, mpaka mjane akasema, "Soma. Nimechoka kuishi na watu tunaowachungulia." Basi ni hivi, ile ndoo iliyobaki kijani siku arobaini ilikuwa na maji machafu ya matangi ya samaki wenyewe, yaliyoachwa siku moja yakatulia, yakachujwa, na punje chache za urea. Hakuna zaidi. Wakati wote mlikuwa mnayamwaga kwenye mitaro yenu.

Na kwa wale ishirini na tatu wa daftari jeusi, ambao wengi wenu mmo humu, familia imekagua nafasi zote zilizoachwa, na zote ni tupu isipokuwa ile moja iliyojazwa kwa makosa. Mlipewa uongo, mkautunza miaka na miaka kwa sababu mliapishwa, na mtu aliyewategea alikufa akijua kwamba mtego wake haukumnasa hata mmoja wenu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya ini, hasa yule wa kuiba damu, inawashukuru majirani wote walioleta viti, majiko na mikate, wafanyakazi wa mabwawa waliolisha samaki jana na leo bila kuambiwa, wafanyakazi wenzake wa zamani waliosafiri kutoka mbali, akina mama wa kanisa, na Haji Metwali, ambaye tangu jana anajipiga kifua na kusema ni yeye aliyevunja undugu wa watu. Haji, hukuvunja kitu, hakuna aliyekuambia kwamba ni siri.

Tunafunga kwa mistari mitano ya marehemu, na anayeshuku mwandiko aje aukague, karatasi itabaki hapa mezani. "Mimi Anis Wasef nilimwita ndugu yangu Zarif mwizi, tarehe 20 Aprili 1998, mbele ya watu kumi na tisa. Nilikosea. Alichopewa alikitunza, na hakikuwa hata siri, kilikuwa uongo wangu. Kila aliyesikia tusi asikie na hili. Akikubali, apokee rambirambi za msiba wangu kama ndugu, na asipokubali, ana haki."

Zarif, watu wakisimama sasa watapita kutoa mkono wa pole, na nafasi ya kwanza kwenye safu ya familia hatujamweka mtu. Nawe Anis, mwana wa Wasef na Galila, pumzika bila wasiwasi, ndugu yako hakukuibia.